Kabla hujanunua betri mpya, shika spana namba 10

Msimu wa korosho ukishafunguka, hakuna chombo cha moto kinachopumzika Masasi wala Newala. Pikipiki zinashusha magunia kutoka mashambani hadi kwenye ghala la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Noah na Hiace zinapanda na kuteremka ukingo wa uwanda wa Makonde. Malori yanapanga foleni kusubiri mzigo wa kupeleka bandarini Mtwara. Ni msimu huohuo pia fedha inapoonekana mikononi mwa wakulima, na kwa hiyo ndio msimu wa kununua: mabati, paneli ya sola, televisheni, betri.

Makala hii inahusu hizo betri, na hasa inahusu sehemu ya betri ambayo mnunuzi haiulizii bei: pale waya unaposhikana na kichwa cha risasi. Chombo kikigoma kuwaka, au taa za sola zikizimika saa mbili usiku, neno la kwanza kutamkwa ni kwamba betri imekufa. Mwenye nayo anaichomoa, anaitupa uvunguni au anaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kisha anatoa fedha ya korosho kununua nyingine. Wiki chache baadaye tatizo linarudi, kwa sababu betri imebadilishwa lakini maungio ni yaleyale.

Ninaamini kwamba tunaweza kuokoa fedha nyingi, na pia kuokoa udongo wetu na sumu, kwa kujifunza kazi ndogo isiyozidi nusu saa: kusafisha na kukaza maungio ya betri. Lakini kazi hiyo huifanyi vizuri usipojua sababu yake.

Taa zinawaka, gari haliwaki

Dereva anageuza ufunguo. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, honi inalia. Akijaribu kuwasha injini, anasikia mlio mmoja tu wa "tak", kisha kimya. Anasema: "Fundi, umeme upo lakini hauna nguvu." Amesema kweli, ila si lazima betri ndiyo iliyokosa nguvu.

Wenyeji wa Newala wataelewa upesi, kwa maana uwanda wa Makonde umeishi na shida ya maji kwa vizazi, na maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kwa pampu kutoka mabondeni hadi vijijini juu. Tangi linaweza kujaa pomoni, lakini bomba likiwa limezibwa na uchafu sehemu moja, mwenye kikombe atapata maji na mwenye kutaka kujaza pipa kwa haraka atakosa. Betri ni tangi, na maungio ni ile sehemu ya bomba iliyoziba.

Tuliweke jambo hili kwa hesabu. Betri ya gari iliyojaa ina takriban volti 12.6 ikiwa imetulia. Taa ndogo au redio inavuta mkondo wa ampea moja au mbili. Stata ya gari dogo inaweza kuvuta ampea 150 au zaidi kwa sekunde chache. Chukulia kwamba kwenye kichwa cha betri pana uchafu au ulegevu unaoleta ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu. Redio ya ampea moja itapoteza sehemu moja ya mia ya volti, jambo ambalo hakuna atakayelitambua. Stata ya ampea 150 itapoteza volti moja na nusu palepale kwenye maungio. Volti hizo hazipotei bure. Zinageuka kuwa joto la wati 225, sawa na umeme wa taa 25 za wati 9, na joto hilo lote linakusanyika kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko kiberiti.

Ndiyo maana maungio mabaya yanatuhadaa. Yanapitisha umeme mdogo bila shida na kuuzuia mkubwa. Na ndiyo maana ukigusa kibano cha waya baada ya kuhangaika kuwasha gari ukakikuta cha moto, umekwisha kupata jibu: betri inatoa umeme, ila unaishia hapo.

Mtikisiko, vumbi na asidi

Maungio ya betri yana maadui watatu, na wote tunao kwa wingi.

Wa kwanza ni mtikisiko. Kutoka Newala kuteremkia Masasi, au kuingia vijijini kwenye mashamba ya mikorosho, chombo kinapita kwenye mashimo, makorongo na mawimbi ya vumbi lililokauka. Kila mtikisiko unajaribu kulegeza nati. Betri isiyofungwa vizuri kwenye kitako chake ni mbaya zaidi, kwa sababu ina uzito wa kilo 10 hadi 20 na kila inaporuka inavuta waya zake. Kwenye magari mengi utakuta kile chuma cha kushikilia betri kilipotea zamani, na badala yake pamefungwa mpira wa tairi ya ndani. Mpira huo ukikazwa sana unasaidia kidogo. Ukichakaa, betri inacheza.

Wa pili ni asidi. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa gesi na ukungu mwembamba wa asidi ya salfuriki. Ukungu huo ukikutana na risasi, shaba na chuma unazaa ule unga tunaouona juu ya vichwa. Unga mweupe kwa kawaida ni chumvi ya risasi. Wa kijani au bluu ni chumvi ya shaba, ishara kwamba waya wenyewe umeanza kuliwa. Unga huo haupitishi umeme vizuri, na hupenya taratibu kati ya kibano na kichwa hata kama nati imekazwa.

Wa tatu ni vumbi pamoja na unyevu. Kiangazi kizima vumbi jekundu linajikusanya juu ya betri. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, unyevu unaligeuza kuwa njia ambayo umeme unavuja kidogo kidogo kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na betri iliyoegeshwa inashuka chaji bila kutumika.

Kwa pikipiki madhara huenda mbali zaidi. Bodaboda huweza kuwashwa kwa kiki hata waya wa betri ukiwa umelegea, na vijana wengi huendelea na safari bila wasiwasi. Lakini betri kwenye mfumo huo ina kazi nyingine: inameza mirukaruko ya umeme unaotoka kwenye injini. Waya ukikatika na kushika njiani, umeme unaruka juu, na ndipo taa zinaungua mfululizo na kifaa cha kurekebisha chaji kinakufa. Kwa gari ni vivyo hivyo. Waya wa betri ukichomoka injini ikiwa inanguruma, alteneta inaweza kurusha volti mara kadhaa zaidi ya zile 14 za kawaida, na diodi zake zikaungua. Ile tabia ya kuchomoa kichwa cha betri gari likiwa linawaka, eti kupima kama alteneta inachaji, ni njia ya uhakika ya kuharibu kitu kizima.

Vichwa vyembamba, vibano vinene

Lipo tatizo jingine linalokuja na magari yetu. Magari mengi madogo tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika, na betri za Kijapani za magari madogo, zikiwemo nyingi za aina ya NS40, zina vichwa vyembamba kuliko vile vya betri kubwa kama N70. Tofauti ni ya milimita kadhaa. Tena kwa kila aina, kichwa chanya ni kinene kidogo kuliko kichwa hasi, na imefanywa hivyo makusudi ili mtu asikosee upande.

Mwenye gari anaponunua betri yoyote iliyopo dukani, vibano havikai. Kama kichwa ni chembamba, kibano kinafungwa mpaka mwisho na bado kinazunguka. Hapo unaletwa msumari, kipande cha bati la kopo au waya wa shaba uliokunjwa, unachomekwa katikati ili kukaza. Gari linawaka, na kila mtu anaridhika. Lakini umeme sasa unapita kwenye ncha mbili tatu tu za msumari badala ya kuzunguka kichwa chote, na chuma cha msumari kinaoza haraka kikiguswa na asidi. Kama kichwa ni kinene, kibano kinapanuliwa kwa bisibisi na kugongwa kwa nyundo, na mara nyingi kichwa kinapata ufa kwenye shina. Ufa huo ndio asidi inapovujia.

Dawa ipo na ni rahisi. Nenda dukani na vipimo vya betri ya zamani, au ibebe yenyewe. Soma maandishi yaliyo juu yake, pamoja na herufi L au R inayoonyesha vichwa vimekaa upande gani, maana ukikosea utalazimika kuvuta waya usiofika. Kichwa kikiwa chembamba kuliko kibano, tafuta kofia ya risasi inayovishwa juu ya kichwa kukinenepesha. Vibano vyenyewe vikiwa vimeliwa, vibadilishe. Bei yake haifiki popote karibu na bei ya betri.

Sola na vibano vya meno

Kwenye nyumba nyingi ambazo nguzo ya umeme haijafika, betri haitikiswi na barabara. Inakaa kwenye kona ya sebule au chini ya meza ya kinyozi. Hata hivyo maungio yake mara nyingi ni mabaya kuliko ya gari, kwa sababu yamefungwa kwa vibano vya meno vile vya kuchajia, au waya umezungushwa tu kwenye kichwa na kufunikwa kwa tepu.

Hapa hasara inaingia kwa mlango wa chaji. Kidhibiti chaji cha sola hupima volti kwenye ncha zake chenyewe, si ndani ya betri. Chukulia paneli zinaleta ampea 10 na maungio yana ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Kidhibiti kinaona volti 14.4 na kuamini kwamba betri inakaribia kujaa, kumbe betri inapata 13.4 tu. Siku baada ya siku inaachwa nusu. Betri ya risasi ikikaa muda mrefu bila kujaa, chumvi ya risasi kwenye sahani zake hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi. Wakati huo betri inakufa kweli. Maungio yaliyolegea yanaanza kwa kuisingizia betri kifo, na yakiachwa yanaiua.

Jioni tatizo hilohilo linageuka. Invata ya wati 300 inavuta takriban ampea 25 kutoka betri ya volti 12. Kwa maungio yale yale, volti mbili na nusu zinapotelea njiani, na invata inajizima ikidhani betri imeisha. Familia inalala gizani na umeme wao umo ndani ya boksi.

Udhaifu wa betri vijijini umewasumbua hata wataalamu wa afya duniani. Friji za chanjo za sola za zamani zilitegemea betri, na betri ndizo zilizokuwa zikiharibika mapema na kuhitaji matunzo ambayo vituo vya mbali havikuweza kutoa. Ndipo zikabuniwa friji zinazoendeshwa na paneli moja kwa moja na kuhifadhi ubaridi kwenye barafu. Sisi wa kawaida hatuwezi kuikwepa betri, kwa kuwa tunahitaji mwanga usiku. Tunachoweza ni kuitunza.

Tunavyoweza kujifunza kwa wenye boti

Watu wa uwanda wana ndugu pwani, Mikindani na Msimbati, na samaki wakavu wanaouzwa masoko ya Newala na Masasi wanatoka huko. Baharini, boti ndogo yenye mashine ya kuwashwa kwa ufunguo inategemea betri moja iliyokaa nyuma, palipo na mtikisiko mkubwa na maji ya chumvi. Gari likigoma, abiria watashuka kusukuma. Boti ikigoma nje ya mkondo upepo ukiwa umeanza kuvuma, hakuna wa kusukuma. Kwa hiyo watu wa boti wameweka kanuni kali kuhusu maungio ya betri, nazo zinatufaa nchi kavu.

Kanuni za baraza la viwango vya boti la Marekani, ABYC, zinakataza kufunga waya mnene wa betri, kuanzia takriban milimita 13 za mraba, kwa nati za masikio zile zinazokazwa kwa vidole. Sababu ni kwamba vidole havina nguvu ya kukaza vya kutosha, na mawimbi yakigonga nati ile hurudi nyuma yenyewe. Hutumika nati ya kawaida inayokazwa kwa spana, pamoja na washa ya springi au nati yenye plastiki ndani isiyolegea. Kanuni hizo pia hazikubali vibano vya springi kama maungio ya kudumu, na zinataka betri ifungwe hata isisogee zaidi ya inchi moja upande wowote ikivutwa kwa nguvu.

Mabaharia wana utaratibu mwingine mzuri: pete ya waya mnene inakaa chini kabisa, ikigusana uso kwa uso na kichwa cha betri, kisha pete nyembamba juu yake, halafu washa, halafu nati. Washa haiwekwi kati ya pete na betri, kwa sababu washa ya chuma cha pua hupitisha umeme vibaya kuliko shaba na risasi. Na pete haziwi zaidi ya nne kwenye bolti moja. Mwenye banda la kuchajia simu pale Masasi, ambaye kichwa kimoja cha betri yake kimebeba waya wa paneli, wa invata, wa taa, wa redio na wa jirani, angefaidika na kanuni hiyo leo.

Kazi yenyewe

Vifaa ni spana namba 10 kwa magari mengi, brashi ya waya au msasa, maji ya uvuguvugu, magadi, kitambaa na grisi au vaselini. Vua pete ya kidoleni na saa ya chuma. Weka sigara mbali, maana gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri hulipuka. Vaa glavu ukiwa nazo, na miwani. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa angalau robo saa huku ukipelekwa hospitali.

Zima chombo. Fungua waya hasi kwanza, kisha chanya. Mpangilio huu una sababu: kwenye magari yetu waya hasi umeunganishwa na bodi yote. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umetengeneza shoti ya mamia ya ampea mkononi mwako. Hasi ikishatoka, hatari hiyo imeondoka. Kwenye sola, tenga paneli kwanza ndipo utenge betri. Wakati wa kurudisha, anza na betri kwenye kidhibiti, paneli baadaye.

Koroga magadi kwenye maji ya uvuguvugu na umimine kidogo kidogo juu ya unga. Unga huo utatoa povu, ishara kwamba asidi inatulizwa. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, magadi yasiingie ndani. Suuza, kausha, kisha sugua kichwa na upande wa ndani wa kibano mpaka risasi ing'ae. Chunguza waya: ukiwa umevimba au una kijani chini ya plastiki, kata sehemu hiyo na ufunge kichwa kipya. Fuata pia waya hasi hadi unapofungwa kwenye bodi au injini, maana kutu ya pale inazuia umeme sawasawa na uchafu wa juu.

Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Sukuma kibano kishuke hadi chini ndipo ukaze. Kipimo cha kukaza ni kwamba kibano kisizunguke ukikishika kwa mkono na kukinyonga. Usipitilize, risasi ni laini. Grisi pakaza baada ya kukaza, kufunika maungio kwa nje ili asidi na unyevu visipenye. Mwisho funga betri yenyewe isicheze.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, thibitisha kazi yako. Weka ncha moja juu ya risasi ya kichwa cha betri na nyingine juu ya kibano chake, kisha mwenzako awashe gari. Mita isome karibu na sifuri. Ikizidi sehemu mbili za kumi za volti, maungio bado mabovu.

Risasi haiozi

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Majirani zetu wa Mombasa wamelipia ujuzi huo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisambaza risasi hewani na majini, watoto wakaugua. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake naye alipata sumu hiyo, aliongoza mapambano hadi mahakama ya mazingira ya Kenya ilipoamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za huko. Kila betri inayotupwa kabla ya wakati wake inaongeza risasi inayotafuta mahali pa kuyeyushwa, na aghalabu mahali hapo ni karibu na makazi ya maskini. Betri iliyokufa kweli irudishwe kwa muuzaji, wala isipasuliwe nyumbani ili kumwagwa asidi yake.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa viongozi wa AMCOS za Masasi na Newala. Kila mwaka kabla ya msimu mnaitisha mikutano ya kuzungumzia salfa, magunia na minada. Tengeni nusu saa katika mkutano mmoja, mwiteni fundi umeme mnayemwamini, wekeni betri moja mezani, naye aifungue, aisafishe, aifunge mbele ya wanachama wote, akina mama na vijana wa bodaboda wakiwa mstari wa mbele. Wauzaji wa betri nao wawe na kofia za risasi dukani na wamwulize mteja kipimo cha vibano vyake kabla ya kupokea fedha yake. Mkulima aliyepata jasho lake mnadani anastahili kujua, kabla hajafungua pochi, kama kweli anahitaji betri au anahitaji spana.